Uvivu wa Mguu Mzima

Hosteli ya klabu, chumba namba kumi na moja
12 Januari

Shikamoo Mama,

Barua ya goti ya wiki hii. Ulisema sisi wagonjwa wako tuandike kwa mkono, tena kwa wino, kwa sababu kwenye simu kila mchezaji ni mzima. Basi naandika. Goti la kushoto halijavimba. Asubuhi linakuwa gumu kidogo, kama bawaba ya mlango ambao haujafunguliwa siku mbili, lakini nikipanda ngazi mara tatu linalegea. Nimefanya kila kitu kilichoko kwenye karatasi yako: kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kupanda boksi, kukimbia na kukata kona. Maumivu, kati ya sifuri na kumi, ni moja. Andika moja.

Ni miezi saba sasa tangu nishonwe kano mpya. Kufuli, yule beki wa kati uliyempokea wiki sita baada yangu, tunalala chumba kimoja na anakusalimu. Anasema amekaba washambuliaji miaka mitano na hajakutana na mtu katili kama wewe.

Kocha ameleta winga mpya. Anakimbia kama mtu aliyeachwa na basi. Jana amefanya mazoezi na jezi yenye namba yangu. Mtunza vifaa aliniambia ni kwa leo tu, ile yake iko kwa dobi. Mama, mtunza vifaa yule hajawahi kupeleka jezi kwa dobi tangu nimjue, anafua mwenyewe nyuma ya stoo.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Mchezaji ambaye hajaonekana uwanjani mwaka mzima hawamfukuzi. Wanamsahau tu, kama mwavuli.

Nakuja Jumamosi tarehe 24 kwa kipimo cha kuruka. Nijulishe kama ratiba iko vile vile.

Mwanao,
Kiberenge


Kliniki ya viungo, nyuma ya duka la rangi
17 Januari

Kiberenge mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipokea na nimeisoma mara mbili kwa sababu ni safi mno. Goti lisilolalamika ni goti la sanamu. Nimeshika magoti ya watu miaka ishirini na sita, nimeshika ya mabingwa na ya wapiga domo, na sijaona hata moja lililopona kwa heshima hivyo. Wiki ijayo niandikie barua chafu.

Katibu wa klabu yenu amenipigia simu mara nne. Anataka kujua kwa nini wachezaji wa klabu nyingine wanarudi mwezi wa sita baada ya kupasuliwa na wangu wanangoja mwezi wa tisa. Nimemwambia hivi: kano ya huyu mtu ni nyama iliyotolewa nyuma ya paja, ikapandwa ndani ya mfupa, ikaambiwa ijifunze kazi ambayo haikuzaliwa nayo. Nikamwambia, wewe mwenyewe ulihamishwa kutoka idara ya usafirishaji ukapewa klabu ya mpira, na mwaka wa tatu huu hujajifunza. Alikata simu. Watu hawa wanamhesabu mchezaji kama gurudumu la gari: limetoboka, liwekwe kiraka, lirudi barabarani kabla abiria hawajashuka. Halafu likipasuka tena wanauliza fundi ni nani.

Ratiba iko vile vile. Kipimo unakijua, lakini nakuandikia ili usije ukasema hukuambiwa. Unasimama kwenye mstari wa utepe mweupe. Unaruka kwa mguu mzima, wa kulia, mara tatu, na kila mara unatua kwa mguu huo huo bila kuyumba. Kisha wa kushoto, mara tatu. Napima umbali. Mguu uliopasuliwa ukifikia asilimia tisini ya mguu mzima, natia sahihi cheti na unarudi uwanjani, hata kama mwezi wa tisa haujafika. Usipofikia, wewe unarudi kwenye karatasi yangu na katibu anarudi kwenye simu yake. Hakuna mjadala na hakuna mjomba.

Unajua kwa nini nimeng'ang'ania kipimo hiki? Kwa sababu mchezaji anaweza kunidanganya kwa mdomo, kwa uso, hata kwa wino. Mguu mzima ndio shahidi wangu. Huo hauna mkataba unaoisha mwezi wa sita.

Uje umelala vizuri.

Mama


Hosteli ya klabu
7 Februari

Shikamoo Mama,

Nimecheza. Niliingia dakika ya sabini na mbili na watu wakasimama. Nimekimbia pembeni mara tatu, krosi moja ikamfikia mtu kichwani, akapaisha. Kocha alinipiga begani. Winga mpya amerudishiwa namba yake, thelathini na kitu, na mtunza vifaa ananisalimia tena kwa jina.

Goti halijavimba. Maumivu moja.

Kufuli aliporudi kutoka kwako alisema umebandika picha yangu ukutani, juu ya friza ya barafu, na chini yake umeandika "miezi saba na siku tisa". Mama, naomba uibandue. Si kwa ubaya. Mchezaji mmoja hatoshi kuwa mfano kwa wengine, na kwenye picha ile nimefumba jicho moja.

Mwezi ujao Kufuli atakuja kwa kipimo chake. Tunafanya mazoezi pamoja kwenye korido ya hosteli, wapishi wanatulalamikia kwa vishindo. Ni mtu msikivu sana. Kila ninachofanya anakifuata.

Sina mengi. Asante kwa kila kitu, ingawa neno lenyewe nikiliandika naliona dogo, na sijui kama nina haki nalo.

Mwanao,
Kiberenge


Kliniki
16 Februari

Kiberenge,

Marahaba. Picha haibanduki. Jicho moja linatosha, kocha wenu ana mawili na haoni.

Haki ya kushukuru unayo, acha mapozi. Ulilia kwenye mkeka wangu mwezi wa nane na kesho yake ukaja tena. Wengi hulia na hawarudi.

Jambo moja dogo. Siku ile ya kipimo mguu wako wa kulia ulikuwa mzito. Nadhani ni basi, kwa muda wa saa saba umekunja miguu. Nimeandika kwenye faili "uchovu wa safari". Kama kuna lingine, niandikie. Kama hakuna, usiandike, nina barua nyingi.

Mama


Kliniki
2 Aprili

Kiberenge,

Wiki sita sijapata barua ya goti kutoka kwako. Nilidhani umeshakuwa mtu mkubwa. Leo sikuandikii kwa ajili ya goti lako.

Najua ulikuwepo uwanjani siku ile, mita ishirini kutoka alipoanguka Kufuli, kwa hiyo sina habari ya kukupa. Nataka tu kukueleza nilichokiona mimi. Nilikuwa nimesimama katika duka la rangi, mbele ya televisheni yao, nimemwambia mwenye duka, yule namba tano ni wangu, nimemshona upya misuli kwa mikono hii. Nilikuwa najivuna, nakiri. Kufuli akaruka kupiga kichwa. Akatua kwa mguu wake ule uliopasuliwa, na goti likaingia ndani. Hakuna aliyemgusa. Mwenye duka aliniangalia, kisha akapunguza sauti ya televisheni, kama vile kuna mgonjwa chumbani.

Daktari wa upasuaji amenipigia. Kano imekatika upya, na ile gegedu inayokaa kati ya mifupa imesagika vipande vipande. Atatembea. Ataweza kupanda ngazi. Mpira wa ushindani, basi. Ana miaka ishirini na mitatu.

Nilimpima mimi mwenyewe tarehe 7 Machi. Asilimia tisini na tatu. Nimetoa utepe nikaupima dhidi ya rula ya chuma, nikidhani labda umevutika. Haujavutika. Nimepima sakafu. Nimejirusha mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nikapima nilipotua. Sioni nilipokosea, na nimekosea, kwa sababu goti halikatiki kwa bahati mbaya wiki mbili baada ya cheti changu.

Chama cha mpira kimeniita mbele ya kamati tarehe 4 Mei. Katibu wenu ndiye aliyeandika malalamiko, yule yule aliyenipigia simu nne akinihimiza. Anasema mimi ni mzembe. Ningependa sana kumtukana, nina maneno yaliyokwisha kupangwa, lakini safari hii sina uhakika kwamba anasema uongo.

Nimefunga kliniki mpaka hapo. Wagonjwa nimewapeleka hospitali.

Nenda kamwone Kufuli. Amelazwa jengo la pili, na mama mzazi hana. Mimi nimekwenda mara tatu, na kila nikifika ananiomba radhi yeye. Sielewi ananiomba radhi ya nini.

Mama


Hosteli ya klabu
11 Aprili

Shikamoo Mama,

Nimesikitika sana kusoma barua yako. Usijilaumu. Ajali haina kinga. Uwanja wenyewe siku ile ulikuwa mbaya, walimwagilia asubuhi na upande ule majani yameota kama nywele za mtu mwenye upara, hapa yapo na pale hayapo. Hata mimi niliteleza mara mbili. Mpira ndivyo ulivyo, unampa huyu na unamnyang'anya yule. Yaliyopita si ndwele.

Kamati haiwezi kukufanya kitu. Umetibu wachezaji wangapi? Mimi ni shahidi, nimerudi na nacheza. Wakitaka mfano wanitazame mimi.

Kufuli nilikwenda kumwona. Alikuwa amelala, sikutaka kumwamsha.

Goti langu ni zima. Klabu inazungumza nami kuhusu mkataba mpya wa miaka miwili. Nilitaka uisikie kwangu kabla ya redioni.

Mwanao,
Kiberenge


Hosteli ya klabu
13 Aprili

Mama,

Barua ya juzi ichane. Kama haijakufika, ikifika usiifungue.

Sikumwona Kufuli. Nilifika getini na mfuko wa machungwa, mlinzi akaniuliza nakwenda kumwona nani, nikasema nimekosea jengo. Machungwa tumekula kwenye basi la timu. Mimi nilikula mawili.

Hukukosea kupima. Utepe hauna kosa, wala sakafu. Siku ile ya kipimo, ulipogeuka kuandika jina langu kwenye fomu, nilijiambia mguu wa kulia uruke kama unaruka dimbwi la maji jikoni. Si mdogo sana, ungeshtuka. Wastani tu. Nikauma meno na kukunja uso ili uonekane unajitahidi. Ukapima mita moja na sentimita sitini na sita, ukaandika. Halafu wa kushoto nikaruka kwa nguvu zangu zote, na roho yangu, na mkataba wangu. Mita moja na sentimita hamsini na mbili. Ukapiga hesabu, ukanitazama, macho yakakulengalenga. Ukasema, asilimia tisini na moja, mwanangu. Nikakukumbatia. Ulikuwa unanuka dawa ya kuchua, na nilikuwa nataka sakafu ifunguke.

Hakuna aliyenifundisha. Nililipata mwenyewe hosteli, nikipiga hesabu zako kwenye kitanda. Ukitaka mguu mbovu uwe karibu na mzima, si lazima mbovu upande. Mzima unaweza kushuka. Nilijiona nina akili sana.

Sasa lililo baya. Wiki moja kabla ya kipimo chake, Kufuli aliniuliza nilipitaje. Alikuwa anajipima kwenye korido kwa vigae, kila kigae sentimita thelathini, na alikuwa haipati tisini. Hata themanini alikuwa haipati. Nilimwonyesha. Mama, nilimwonyesha nikicheka. Nikasimama kwenye mstari wa kigae nikamwambia, mguu mzima upe likizo ya siku moja, na uso ukunje hivi. Tukafanya mazoezi ya kukunja uso. Mpishi alipita akatuuliza tumekula nini kibovu.

Ndiyo maana anakuomba radhi.

Ninakuomba uiambie kamati. Waambie umegundua kwamba wachezaji wanazuia mguu mzima, na kwamba hakuna mpimaji ambaye angejua. Watakuelewa. Ila naomba useme "wachezaji" tu. Usitaje nani. Mkataba nitasaini tarehe 15 Mei.

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho na nimeiacha. Sikuifuta ili ujue mimi ni mtu wa namna gani.

Kiberenge


Kliniki
19 Aprili

Kiberenge,

Barua zako mbili zimefika siku moja. Sikuchana hata moja, nimeziweka kwenye faili, ya kwanza juu ya ya pili. Umenitumia methali katika ile ya kwanza kama mtu anayerusha mchanga ili akimbie. Mtu mwenye la kusema hakimbilii maneno ya babu zake.

Nilikasirika kwanza. Nilitaka kukuandikia kwamba wewe ni mwoga, kwamba umemfundisha mwenzako kujivunja, na kwamba unaniomba nikufiche nyuma ya neno "wachezaji" kama mtoto nyuma ya pazia, miguu inaonekana. Hayo yote ni kweli na nimekwisha kuyaandika, yasome mara moja yatosha.

Lakini umeandika kwamba hakuna mpimaji ambaye angejua. Hapo nimelazimika kuweka kalamu chini, na imenichukua siku tatu kuirudisha mkononi.

Nilijua.

Klabu yenu inapima wachezaji wote kabla ya msimu, na nakala ninazo. Kabla hujaumia mguu wako wa kulia uliruka mita mbili na sentimita nne. Faili lilikuwa wazi mezani siku ile, mkono wangu wa kushoto ukiwa juu yake. Uliporuka mita moja na sitini na sita niliiona tofauti kabla hujasimama sawasawa. Sentimita thelathini na nane hazipotei kwenye basi. Ukichukua mguu wako wa kushoto ukaupima dhidi ya mguu wako wa kweli, ulikuwa na asilimia sabini na tano hata hazijatimia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekurudisha nyumbani.

Nikaandika "uchovu wa safari".

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini, na majibu ninayopata yote yana sura nzuri, kwa hiyo siyaamini. Nilikuhurumia. Nilikuwa nimekuona unalia. Haya ni manukato. Ukweli ni kwamba nilichoka kuwa yule mama anayekataa. Nimepigana na makatibu, makocha na magazeti miaka ishirini na sita, nawaita wachuuzi wa nyama za watu, na mwezi ule gazeti liliandika kwamba kliniki yangu ni mahali wachezaji wanapokwenda kuzeeka. Ikaniuma. Nikataka mmoja arudi mapema, nimbandike ukutani. Watu wote niliowatukana walikuwa wananitaka nifanye jambo moja, na nililifanya bila hata kusukumwa, huku nikiendelea kuwatukana.

Nilikuandikia Februari nikuulize kama kuna lingine. Nikakuambia kama hakuna, usiandike. Unajua nilivyomaanisha. Nilikuwa nakuomba uendelee kunyamaza ili nami niendelee.

Na faili la Kufuli la kabla ya msimu sikulifungua kabisa. Niliogopa kile ambacho lingeniambia kuhusu la kwako.

Kwa hiyo tarehe 4 Mei nitakwenda na mafaili yote mawili na nitasoma namba zote, za kabla na za siku ya kipimo. Sitasema "wachezaji". Nitasema "mimi". Jina lako sitalitaja. Usidhani ni huruma. Mimi nina la kwangu la kubeba, na lako lina mwenyewe.

Mama


Hosteli ya klabu
20 Mei

Kufuli mdogo wangu,

Hii ni mara ya sita naanza barua hii. Nimeanza kwa salamu, nimeanza kwa utani, nimeanza kwa Mungu. Zote nimezitupa. Naanza kwa tarehe 4.

Nilikwenda. Ofisi za chama ziko ghorofa ya tatu, na kwenye korido kuna benchi la mbao lenye mguu mmoja mfupi. Nilikaa hapo nimevaa suti. Mlango wao ni mwembamba, nilisikia kila kitu. Mama alisoma namba. Alisoma za kwako, alisoma za mtu aliyemwita "mgonjwa wa kwanza". Akasema, niliona na nikaandika uongo. Mwenyekiti akamuuliza huyo mgonjwa wa kwanza ni nani. Akajibu, yeye anajijua. Ilikuwa mita nne kutoka nilipokaa. Nilishika kitasa, Kufuli. Kilikuwa cha baridi. Nikakiachia.

Alipotoka aliniona. Hakushangaa. Nilimwamkia, akaitikia, akasema, wamenifungia mwaka mmoja, nisimshike mgonjwa. Kisha akashuka ngazi taratibu, anashikilia ukuta. Sijawahi kumwona anashikilia kitu.

Ndipo nikaingia. Baada ya hukumu. Wengine walikuwa wameshavaa makoti, mmoja anakunywa maji. Nikasema, mgonjwa wa kwanza ni mimi, nilimdanganya, na beki nilimfundisha mimi. Mwenyekiti alimtazama katibu wetu. Katibu akatazama saa. Mwenyekiti akasema, kijana, faili limefungwa, na wewe una mechi Jumamosi. Wakacheka kidogo, bila ubaya, kama watu wanaocheka na mlevi. Mmoja akaniomba picha ya pamoja. Nilisimama, tukapigwa.

Nakueleza hili si ili uone nilivyoonewa. Hawakunionea. Nilichelewa kwa makusudi, na walinipa nilichokuwa nimekifuata: kusema bila kusikika.

Jumatatu yake nilichukua utepe wa mtunza vifaa nikautandika kwenye nyasi mbele ya timu nzima. Kocha akauliza mchezo gani huu. Nikamwomba daktari wa timu asimame na kalamu. Niliruka kwa mguu mzima kama Mungu alivyouumba. Mita mbili na sentimita moja. Kisha wa kushoto. Mita moja na sentimita hamsini na tano. Daktari alipiga hesabu kwenye kiganja, akapiga tena. Winga mpya alinitazama miguu, halafu akatazama ya kwake. Nilimwambia daktari aandike, na aandike pia kwamba nimecheza mechi kumi hivyo. Akaandika.

Mkataba haukusainiwa. Chumba natakiwa nikiache mwisho wa mwezi. Kitanda chako bado kina shuka lako, hawajaleta mtu.

Sikuombi unisamehe. Nimejaribu kuliandika ombi hilo na kila mara linatoka kama krosi, nakupigia wewe ili unifungie goli. Nataka tu ujue kwamba najua. Goti lako lilipoingia ndani, watu elfu kumi na mbili walidhani wanaona ajali. Mmoja peke yake alijua anaona nini, na alikimbia kuja kwako ili asikike anaita machela kwa sauti kuliko wote.

Kaka yako, kama bado neno lipo,
Kiberenge


Nyumbani kwa dada
27 Mei

Kaka,

Dada yangu alitaka kuitupa barua yako. Nilimwambia aniletee. Ameileta ameishika kwa ncha za vidole.

Umeandika vizuri, umejipiga kila mahali. Lakini umejichukulia goti langu lote, na mimi bado natembea nalo. Nilikuwa na akili zangu na karatasi ya Mama ilikuwa mkononi. Nilikuuliza. Ulinionyesha. Ningeweza kucheka na wewe halafu nikaruka kwa haki. Sikuruka kwa haki kwa sababu ulikuwa umepita na mimi niliona aibu kufeli nyuma yako. Ndiyo hiyo tu. Mama alipopima alinipa mkono, akaniambia na wewe nitakubandika ukutani. Sikulala siku mbili. Mechi ile nilikwenda kucheza naogopa, na uliniuliza kwenye vyumba vya kubadilishia, vipi, nikasema poa. Kwa hiyo mimi pia nina yangu, usiyaguse.

Lako ni kucheka. Kila nikikumbuka korido ile nakumbuka nilivyofurahi, na sipendi kwamba nilifurahi.

Umenikosea kingine ambacho hukukiandika. Tangu siku ya machela hujaniuliza inauma wapi. Umeandika kurasa tatu na hujauliza.

Nakwenda hospitali Jumatatu na Jumatano. Mama huja. Haruhusiwi kunigusa, kwa hiyo anakaa kwenye kiti cha plastiki, mikono ameikalia. Yule mtaalamu wa hospitali akikosea, Mama anakohoa. Akikosea sana, Mama anakohoa mpaka wanamletea maji.

Jumatano saa nne asubuhi wananikunja. Goti limeganda, linataka kubaki nusu, na wao wanalisukuma mpaka digrii tisini. Watu wawili, mmoja anashika paja na mwingine kisigino. Mimi hulia, kaka, na si machozi ya pembeni ya kiume. Napiga kelele mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wanaacha kuzungumza. Wakianza, Mama hugeukia dirishani ili nisione haya.

Njoo Jumatano. Usilete kitu. Usigeukie dirishani. Kaa upande wa miguu, nikuone, na uangalie mpaka wamalize.

Kufuli